Mafuta ya Chunguni Siyo Mafuta Anayokula Mdudu wa TB

Kuna kauli inayopita mkono kwa mkono siku hizi Unguja na Pemba, kwenye simu na kwenye vibaraza: wanasayansi wamegundua kwamba mdudu wa kifua kikuu huishi kwa kula mafuta, basi mgonjwa aache tui, aache samli, aache samaki wenye mafuta, ili mdudu afe njaa. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli, tena ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyojulikana kuhusu ugonjwa huu katika robo karne iliyopita. Nusu ya pili inaweza kuua mtu. Mafuta anayoyala mdudu yamo ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe, na mgonjwa anayejinyima chakula hamnyimi mdudu kitu. Anazidhoofisha seli zinazopigana naye. Habari ya vimeng'enya vya mafuta, yaani protini za mdudu zinazoyavunja na kuyajenga mafuta, inatueleza kwa nini dawa humezwa miezi mingi na kwa nini hata saa ya kuzimeza ina maana. Anayeisikia na kukimbilia kupunguza tui jikoni ameichukua kichwa chini miguu juu.

Tuanze na makazi ya mdudu. Akivutwa na pumzi hufika kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, na huko humezwa na makrofaji, yaani seli za kinga ambazo kazi yao ni kuwala na kuwasaga wavamizi. Vijidudu vingi huishia hapo. Huyu hukizuia kifuko alichomezwa ndani yake kisikutane na kile chenye asidi na vimeng'enya vya kusagia, kisha akafanya maskani. Makrofaji nyingi zilizoambukizwa hujaa vitone vya mafuta mpaka chini ya darubini huonekana kama povu, na katikati ya vinundu vya ugonjwa nyama ya pafu hufa na kuwa kitu cheupe kizito kama jibini, chenye kolesteroli na mafuta mengine kwa wingi. Sukari katika mazingira hayo ni haba. Tangu 1956, watafiti Segal na Bloch walionyesha kwamba wadudu waliotolewa katika mapafu ya panya hupumua kwa bidii wakipewa asidi za mafuta, lakini wakipewa sukari hawashtuki, tofauti na ndugu zao waliokuzwa kwenye chupa za maabara. Ushahidi wa jenetiki ulikuja 1998, jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake, yenye herufi milioni 4.4, iliposomwa yote: katika jeni zake zipatazo 4,000, vimeng'enya kama 250 vinahusika na kujenga au kuvunja mafuta. E. coli, kijidudu cha utumbo ambacho jenomu yake inakaribiana na hiyo kwa ukubwa, ana kama 50 tu.

Sasa ugumu wenyewe, maana kuishi kwa mafuta matupu si jambo jepesi. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni. Asidi ya palmitiki, mojawapo ya zilizo nyingi katika mwili wa binadamu, ina kaboni 16. Vimeng'enya huukata mnyororo huo kaboni 2 kwa kila pigo, na kwa mapigo 7 hupatikana vipande 8 vya kaboni 2, viitwavyo asetili-koA. Kila kipande huingia katika mzunguko wa Krebs, tanuri ya seli ya kutoa nishati: kaboni zake 2 hujiunga na oksaloaseteti yenye kaboni 4, ikapatikana sitreti yenye 6, halafu katika hatua mbili za mbele kaboni 2 hutoka zikiwa kaboni dayoksaidi. Zimeingia 2, zimetoka 2. Nishati imepatikana, lakini hakuna hata kaboni moja ya ziada ya kujengea. Na mdudu anahitaji kujenga: anahitaji sukari za ukuta wake mnene, anahitaji malighafi ya protini na ya DNA. Mwenye mafuta matupu ni kama fundi mwenye kuni nyingi na hana hata jiwe moja la msingi.

Njia yake ya kutoka hapo ni mchepuko wa glaioksileti. Kimeng'enya kiitwacho isositreti liasi, kwa kifupi ICL, huikamata isositreti ya kaboni 6, yaani ile sitreti iliyobadilika umbo, kabla haijafika kwenye hatua zile mbili za hasara, kikaipasua kuwa saksineti ya kaboni 4 na glaioksileti ya kaboni 2. Kimeng'enya cha pili, maleti sinthasi, huichukua glaioksileti na kuiunganisha na asetili-koA nyingine, ikawa maleti ya kaboni 4. Hapo mdudu amebaki na akiba. Maleti hugeuzwa oksaloaseteti, kimeng'enya PEPCK kikaifungulia njia ya kurudi nyuma mpaka kwenye sukari, na ukuta ukajengwa. Binadamu hana mchepuko huu. Mimea inao, na mbarika ni mmoja wa mimea ambayo mchepuko huu ulitambuliwa kwake, 1957, kwa sababu mbegu yake inapochipua hugeuza mafuta kuwa sukari ya kumlishia mche kabla hajatoa majani. Ufuta na karanga nao hufanya hivyo. Nasi tunaoishi kwenye minazi tumezoea kuona jambo la namna hiyo kwa macho: joya la nazi iliyochipua, tamu kama lilivyo, hukua kwa kuila nyama ile ile yenye mafuta.

Umuhimu wa ICL kwa mdudu wa TB ulidhihirika mwaka 2000, mtafiti John McKinney na wenzake walipomtengeneza mdudu asiye na ICL1, mojawapo ya ICL mbili alizonazo. Katika wiki 2 za mwanzo ndani ya panya, mdudu huyo alizaliana kama kawaida. Baada ya hapo, kinga ya panya ilipoamka na makrofaji zikachochewa, alianza kupungua huku mwenzake mzima akidumu. Maana yake kimeng'enya hiki hakikuhitajika sana katika kushambulia. Kilihitajika katika kukaa. Mwaka 2005 Muñoz-Elías na McKinney waliondoa ICL1 na ICL2 pamoja. Safari hii mdudu hakuweza kukua kabisa ndani ya panya, na mapafu yalimwondoa upesi. Ni nadra katika elimu ya ugonjwa huu kuona kuondolewa kwa kitu kidogo hivyo kukimmaliza mdudu kiasi hicho.

Lakini ICL ana kazi ya pili, na nadhani ndiyo inayofungua fumbo. Asidi za mafuta zenye kaboni witiri, na kolesteroli yenye kaboni 27 na pete 4, zikivunjwa hutoa pia kipande cha kaboni 3, propionili-koA. Hiki kikirundikana ni sumu. Mdudu anazo njia 3 za kukiondoa: kukiingiza katika mafuta marefu ya ukuta wake, kukipitisha njia inayohitaji vitamini B12, au kukipeleka katika mzunguko wa methilisitreti, ambao hatua yake ya mwisho hufanywa na ICL huyo huyo. Utafiti wa 2014 ulionyesha kwamba mdudu asiye na ICL, akilishwa mafuta, hafi kwa njaa ya kaboni peke yake. Hulemewa na mabaki ya mzunguko huo yaliyokwama njiani. Mwaka huo huo watafiti wengine walionyesha kwamba mdudu asiye na ICL hufa kwa urahisi zaidi akipigwa na dawa za TB kama isoniazidi, rifampisini au streptomaisini. Kwa hiyo vimeng'enya vya mafuta ni jiko la mdudu, na ni ngao yake pia dhidi ya dawa.

Mpaka hapo, anayesema "mdudu wa TB anakula mafuta" hajakosea. Kosa linakuja anaporuka kutoka ndani ya makrofaji mpaka kwenye sahani. Tufanye hesabu. Mtu wa kilo 60 mwenye mafuta asilimia 15 ana kilo 9 za mafuta mwilini. Wadudu bilioni 1 wa TB, wote pamoja, hawafikii uzito wa punje moja ya mchele. Hakuna mlo wa kujinyima utakaoimaliza ghala ya kilo 9 mbele ya mlaji mdogo hivyo. Mtu atakufa mwanzo. Tena sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwili hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiongoza, na makrofaji nayo hujitengenezea. Ukiacha kula mafuta, mwili huyachukua yaliyo chini ya ngozi na kuyatia kwenye damu, na mgonjwa wa TB tayari mwili wake unafanya hivyo kwa homa na kukosa hamu ya kula. Ule mkondo ambao mtu anataka kuukausha, kwa kujinyima anauongeza.

Na kama mantiki ya kumnyima mdudu chakula ingekuwa sahihi, isingeishia kwenye mafuta. Mdudu huyu anaweza kutumia chakula zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Utafiti wa 2013 ulionyesha kwamba akinyang'anywa vimeng'enya vya kuishika glukosi, hushindwa kudumu ndani ya panya katika hatua ya ugonjwa wa muda mrefu. Hutumia pia amino asidi za mwenyeji wake. Basi mgonjwa aache na wali, na muhogo, na maharage? Anayelifuata wazo hili mpaka mwisho wake atafika kwenye kufunga kabisa, na huko ndiko mdudu anakotaka mwenyeji wake afike.

Ushahidi wa watu, si wa panya, uko upande mmoja kwa nguvu. Mapitio ya tafiti za muda mrefu yaliyochapishwa 2010 yalikuta kwamba kila uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI, unapopanda kwa uniti 1, matukio ya TB hupungua kwa karibu asilimia 14. Kwa mtu wa urefu wa mita 1.65, uniti 1 ni kama kilo 2.7. Nchini India, katika jimbo la Jharkhand, jaribio lililochapishwa 2023 liliwapa wagonjwa kikapu cha chakula kila mwezi, chenye nafaka, jamii ya kunde, maziwa ya unga na mafuta ya kupikia, kiasi cha kalori 1,200 na gramu 52 za protini kwa siku. Jamaa waishio nao walipewa chakula chao katika maeneo ya huduma za TB yaliyochaguliwa kwa kura, na katika nyumba hizo TB mpya ilipungua kwa asilimia 39 ikilinganishwa na nyumba ambazo jamaa hawakupewa. Kwa wagonjwa wenyewe, walioongezeka uzito katika miezi 2 ya mwanzo walikufa kwa uchache zaidi. Lazima tuseme kwa haki kwamba wagonjwa wote walipewa kikapu, kwa hiyo upande huo ni uhusiano na haujathibitisha chanzo. Hata hivyo, mafuta ya kupikia yalikuwa ndani ya kikapu, na hayakumnenepesha mdudu.

Liko na jaribio dogo la Mexico la 2005 ambalo wenye kauli ya kujinyima wangepaswa kulijua. Wagonjwa 21 wa TB ya mapafu waligawanywa: 10 walipewa mlo wenye miligramu 800 za kolesteroli kwa siku, 11 mlo wenye 250, wote wakiwa kwenye dawa zile zile. Kufikia wiki ya 2, makohozi ya asilimia 80 ya kundi la kwanza hayakuotesha tena mdudu. Katika kundi la pili ni asilimia 9. Watu 21 ni wachache mno, na sitamwambia mtu ale mayai 4 kwa siku kwa sababu ya jaribio hilo. Lakini kama kolesteroli ya chakula ingekuwa karamu ya mdudu, matokeo yangeelekea kinyume chake.

Hoja yenye uzito zaidi upande wa pili ni ya dawa za kushusha kolesteroli, statini. Katika maabara makrofaji zilizopunguziwa kolesteroli kwa statini humdhibiti mdudu vizuri zaidi, na panya waliopewa statini wameonyesha nafuu. Wazo hilo lilistahili kupimwa kwa watu, na limepimwa: jaribio la rosuvastatini lililochapishwa 2023 liliiongeza dawa hiyo kwenye matibabu ya kawaida, na makohozi hayakusafika upesi zaidi katika wiki 8. Utafiti wa statini nyingine haujafungwa, na anayetumia statini kwa ajili ya moyo hana sababu ya kuiacha. Ila hii ni miongoni mwa njia zenye nguvu za kupunguza kolesteroli mwilini, nayo haikumtikisa mdudu kwa kiasi cha kupimika. Kupunguza tui kijiko kimoja kutafanya nini?

Lipo pia shaka la kielimu linalofaa kusemwa, kwa sababu linaonyesha picha ya makrofaji zenye povu si rahisi kama nilivyoichora mwanzo. Wapo watafiti wanaosema vitone vile vya mafuta si ghala aliyojijengea mdudu. Kazi moja ya 2018 ilikuta kwamba makrofaji ya panya huvitengeneza kwa amri ya kinga yenyewe, kupitia ishara ya intaferoni-gama, na kwamba vinasaidia kutengeneza kemikali za kujihami. Kama ndivyo, mafuta hayo hayo ni chakula cha mdudu na silaha ya mwenyeji, inategemea hatua ya ugonjwa na nani anayetangulia kuyatumia. Naiona hoja hii kuwa nzito. Inazidi kuonya dhidi ya kuyagusa mafuta ya mwili kwa kubahatisha.

Mafuta ya chakula yana mahali pamoja penye maana ya kweli katika tiba ya TB, napo ni saa ya kumeza dawa. Kidonge cha pamoja cha miezi 2 ya mwanzo kina rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Isoniazidi na rifampisini hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu. Zikimezwa juu ya mlo wenye mafuta mengi, kilele cha isoniazidi katika damu kinaweza kushuka kwa nusu, na cha rifampisini kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo utaratibu ni kumeza saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula, kwa maji. Aliyeamka akala maandazi na chai ya maziwa kisha akameza vidonge hapo hapo amejipunguzia dawa kila siku bila kujua, na mdudu anayeonja dawa hafifu ndiye anayejifunza kuishi nayo. Kichefuchefu kikimzidi mgonjwa, kipande kidogo cha chakula kisicho na mafuta, kama ndizi au mkate mkavu, ni bora kuliko kuacha dozi. Katika Ramadhani mgonjwa ana ruhusa ya kula. Anayefunga baada ya kushauriana na mhudumu wake anaweza kuamka mapema akameza saa 1 kabla ya daku, au afungue kwa maji na dawa kisha asubiri kabla ya kukaa kwenye futari, maana futari zetu nyingi zimekaangwa.

Kwa bedakwilini, dawa ya TB sugu, yaani ile isiyosikia dawa za kawaida, mambo yanageuka. Ikimezwa pamoja na mlo wa kawaida wenye kama gramu 22 za mafuta, kiasi kinachoingia mwilini huongezeka karibu mara 2. Mgonjwa wa TB sugu aliyeaminishwa aache mafuta anaweza kuwa anapata nusu ya dawa aliyoandikiwa. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa madhara ya ushauri huo.

Kwa sisi watu wa pwani kuna angalizo la samaki ambalo halihusiani na mafuta, ingawa huchanganywa nayo. Isoniazidi huzuia kimeng'enya cha mwili kinachovunja histamini. Jodari na vibua waliokaa juani au kwenye barafu haba hujaa histamini, na mgonjwa aliye kwenye isoniazidi akiwala anaweza kuwiva uso, kuumwa kichwa na kwenda mbio moyo. Watu huhitimisha kwamba "samaki wa mafuta wanagombana na dawa". Kinachogombana ni samaki aliyechacha. Kupika hakuondoi histamini. Dawa yake ni samaki aliyevuliwa siku hiyo. Changu, tasi au dagaa walio salama waliwe bila hofu.

Swali linalobaki ni kwa nini, ikiwa ICL ni muhimu hivyo na binadamu hana, hakuna kidonge cha kuizima baada ya zaidi ya miaka 20. Sababu ni za kifundi. Tundu la kazi la kimeng'enya hiki ni dogo, linapenda molekuli zenye chaji, na hufunga mlango wakati wa kazi, kwa hiyo ni shida kupata kemikali inayoingia humo na pia inayopenya ukuta wa nta wa mdudu. Vimeng'enya ni 2, lazima vizimwe vyote. Kizuizi kinachojulikana zaidi, asidi ya 3-nitropropioniki, ni sumu kwa ubongo wa binadamu, kwa kuwa huzima pia kimeng'enya chetu cha saksineti. Ni sumu ile ile iliyowadhuru watu China waliokula miwa iliyoota ukungu. Makrofaji zetu hujitengenezea kizuizi chao, itakoneti, lakini mdudu anavyo vimeng'enya vya kuivunja. Kwa hiyo wanaosema utafiti huu umeshindwa wanaharakisha hukumu. Isoniazidi, inayotumika tangu 1952, humpiga mdudu kwenye kujenga mafuta: huzima InhA, kimeng'enya cha asidi ndefu za ukuta. Upande wa kujenga umetupa dawa bora. Upande wa kuvunja bado unatafutiwa, na wengi sasa wanalenga maleti sinthasi, ambayo tundu lake ni pana zaidi, au uvunjaji wa kolesteroli. Kiungo kimoja cha aina hii, GSK2556286, kimefika hatua ya kwanza ya majaribio kwa binadamu.

Wakati hizo zinasubiriwa, yaliyojulikana yanatosha kueleza muda wa tiba. Katika siku 2 za mwanzo isoniazidi huua zaidi ya asilimia 90 ya wadudu kwenye makohozi, kama ilivyopimwa kwa wagonjwa wa Nairobi katika utafiti uliochapishwa 1980. Hao ni wanaozaliana, wanaojenga ukuta. Wanaobaki wamepunguza mwendo na kujiwekea mafuta. 2008 watafiti waliwaona kwenye makohozi ya wagonjwa, wamebeba vitone vya mafuta tumboni. Asiyejenga ukuta haumizwi sana na dawa ya ukuta. Rifampisini na pirazinamidi ndizo zinazowafuata hawa, polepole, na ndizo zilizowezesha majaribio ya Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kuanzia ripoti ya 1972, kuishusha tiba kutoka mwaka na nusu mpaka miezi 6. Mgonjwa wetu hujisikia mzima wiki ya 3, homa imekata, anarudi baharini au shambani kwenye karafuu. Wakati huo kilichobaki mapafuni ni wale wa mafuta. Dozi 56 za miezi 2 ya mwanzo huondoa wengi. Dozi 112 za miezi 4 inayofuata ni za hao. Hata tiba ya miezi 4 yenye rifapentini na moksifloksasini, iliyopimwa kwa watu 2,516 na kuchapishwa 2021, ilifanikiwa kwa kubadili dawa na kuongeza nguvu zake. Hakuna aliyeambiwa akate dozi zile za zamani katikati.

Maabara nayo inaguswa. Kipimo cha darubini hutegemea ukuta wa nta kushika rangi nyekundu baada ya kuoshwa kwa asidi. Katika jaribio la 2011, wadudu waliokaa ndani ya makrofaji zilizojaa mafuta walianza kupoteza tabia hiyo, na wakati huo huo wakastahimili dawa. Darubini pia huhitaji wadudu kama 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ya makohozi ndipo ione. GeneXpert Ultra, kipimo kinachotafuta DNA ya mdudu, huona hata 16. Kwa hiyo mtu wa Micheweni au Makunduchi anayekohoa wiki 2, anapungua uzito na kutoka jasho usiku, asirudishwe nyumbani kwa jibu moja safi la darubini. Visiwa hivi havianzi kutoka sifuri: Pemba ina maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi tangu 2000, dawa za TB ni bure, na programu ya Zanzibar inaunganisha kifua kikuu, UKIMWI, homa ya ini na ukoma chini ya paa moja.

Kisukari nacho kingefaa kuwa karibu zaidi na paa hilo, kwa kuwa huongeza hatari ya TB karibu mara 3. Hapa ushauri wa chakula una nafasi yake halali, wa kupunguza sukari na vya kukaanga, lakini lengo ni sukari ya damu. Tena rifampisini huharakisha kuondoka kwa vidonge kama glibenklamidi mwilini, kwa hiyo sukari inaweza kupanda mgonjwa akiwa anameza vyote kama alivyoelekezwa. Apimwe mara kwa mara na dozi zirekebishwe, asije akalaumiwa kwa ulaji.

Kinachotakiwa kliniki ni mizani, na itumike kila mgonjwa anapokuja kuchukua dawa. Uzito ukipanda, idadi ya vidonge huenda ikapaswa kuongezwa, kwa sababu dozi hupangwa kwa kilo. Usipopanda kwa miezi 2, yaulizwe kwa mpangilio: dawa anazimeza saa ngapi na juu ya nini, makohozi yanasemaje, sukari na VVU vimepimwa, na nyumbani kuna chakula au hakuna. Wali wa nazi kwa choroko na dagaa, yai kila linapopatikana, uji wenye karanga asubuhi, muda wa saa 1 baada ya vidonge: huo ni mlo unaomfaa, na hakuna sehemu yake inayopaswa kuondolewa kwa sababu ya isositreti liasi.